Ni nini kinachoufanya mto mmoja uende kasi kuliko mwingine?

Mdadisi ameuliza:

Ndugu zangu, naomba kueleweshwa jambo ambalo kila nikilisoma linanizidishia maswali. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba mto huenda kasi milimani kwa sababu ya mteremko mkali, kisha hupunguza mwendo kadiri unavyoingia nchi tambarare, na mwishowe hujikokota hadi baharini. Maelezo hayo yanakubalika kwa urahisi, kwa kuwa hakuna asiyejua kwamba maji hutafuta mahali pa chini, na kwamba mahali hapo pakiwa mbali sana chini yatapafuata kwa haraka zaidi.

Tatizo langu linaanza ninapotazama takwimu za mito mikubwa. Mji wa Iquitos nchini Peru uko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka mdomo wa mto Amazon, lakini mwinuko wake juu ya usawa wa bahari ni mita 100 na kidogo tu. Ukigawanya unapata mteremko wa wastani wa sentimita tatu hivi kwa kila kilomita, mteremko ambao jicho haliuoni wala mguu hauuhisi. Kama mteremko ndio unaoamua kila kitu, sehemu yote hiyo ya mto ingepaswa kutulia kama ziwa. Badala yake, wakati wa mafuriko mkondo wa Amazon hufikia kilomita sita au saba kwa saa, mwendo unaomshinda mtu anayetembea kwa haraka.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ni mambo gani hasa yanayoamua kasi ya mto, na mteremko una nafasi gani kati yake? Pili, ikiwa uvutano wa dunia huyavuta maji kuelekea chini wakati wote, kwa nini hayaongezi kasi njia nzima kutoka mlimani hadi baharini, kama jiwe lililoachiwa kutoka juu?

Mhandisi wa Maji amejibu:

Ndugu Mdadisi, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu likishajibiwa vizuri, la kwanza linakuwa jepesi.

Jiwe likianguka mita 1,000 bila kuzuiwa na hewa, litafika chini likiwa na kasi ya takriban mita 140 kwa sekunde, yaani kilomita 500 kwa saa. Mto unaoanzia kwenye mwinuko wa mita 1,000 umeteremka urefu uleule kabisa ufikapo baharini, lakini kwa kawaida maji yake huingia baharini kwa mita moja au mbili kwa sekunde. Karibu nishati yote ambayo uvutano uliyapa maji imetumika njiani. Imetumika kusuguana na sakafu ya mto na kingo zake, kuzungusha maji yenyewe kwa yenyewe katika vurugu ndogo na kubwa, na kusukuma mchanga na changarawe. Sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia kuwa joto, lakini ni joto dogo mno: hata kama kushuka kote kwa mita 1,000 kungegeuka kuwa joto, maji yangepata nyuzi mbili na kidogo tu za Selsiasi, na kwa sababu mto hubadilishana joto na hewa, jua na ardhi muda wote, hakuna anayeliona ongezeko hilo.

Kwa hiyo mto ni mahali ambapo nguvu mbili hukutana. Uzito wa maji huyavuta kuelekea chini ya mteremko, na msuguano huyazuia. Msuguano huongezeka haraka kadiri kasi inavyoongezeka. Katika mito ya kawaida kasi ikiwa mara mbili, kizuizi huwa mara nne hivi. Ndiyo maana maji huongeza mwendo kwa muda mfupi tu, kisha hufika mahali ambapo mvuto na kizuizi vinalingana, na kuanzia hapo kasi haiongezeki tena mpaka hali ya mto ibadilike. Tone la mvua nalo huanguka kwa namna hiyo: likishafikia kasi yake ya mwisho, hubaki nayo hadi ardhini, hata kama lilitoka juu sana. Kasi unayoipima mahali fulani mtoni inakuambia mizani ya nguvu ikoje mahali hapo na karibu na hapo. Haikuambii mto umeteremka kutoka wapi.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Mizani hiyo inatawaliwa na mambo matatu: mteremko, kina cha maji, na jinsi sakafu na kingo zinavyoyakwaruza maji. Mteremko huongeza mvuto, na hilo linafahamika. Kina ndicho ambacho wengi hukisahau, na kwa maoni yangu ndicho ufunguo wa swali lako lote. Msuguano hutokea pale maji yanapogusa ardhi. Mto wenye kina cha nusu mita una maji machache juu ya kila mita ya mraba ya sakafu, kwa hiyo uzito mdogo ndio unaoshindana na msuguano huo. Mto wenye kina cha mita 15 una uzito mara 30 juu ya kila mita ya mraba, na wote unasukuma kuelekea upande uleule. Hata mteremko mdogo sana, ukiuzidisha kwa uzito mkubwa namna hiyo, unatoa nguvu ya kutosha kuyaendesha maji.

Wahandisi wameliandika jambo hili kwa hesabu tangu karne ya 18. Mfaransa Antoine Chézy, alipokuwa akisanifu mfereji wa kupeleka maji Paris kutoka mto Yvette, alionyesha kwamba kasi hulingana na kipeuo cha pili cha mteremko uliozidishwa kwa kipimo ambacho, katika mto mpana, hakitofautiani sana na kina. Kipimo hicho hupatikana kwa kugawanya eneo la mkato wa maji kwa urefu wa sehemu ya ardhi inayoguswa na maji katika mkato huo. Mwaka 1889 mhandisi wa Ireland, Robert Manning, aliwasilisha kanuni ambayo baada ya kuboreshwa inatumiwa hadi leo karibu kila mahali panaposanifiwa mifereji. Kwa maneno ya kawaida inasema hivi: mteremko ukiongezeka mara mbili, kasi huongezeka kwa asilimia 41 hivi, kina kikiongezeka mara mbili, kasi huongezeka kwa asilimia 59 hivi, na mkwaruzo ukipungua kwa nusu, kasi huwa mara mbili. Angalia kwamba mteremko ndio wenye athari ndogo kuliko yote matatu.

Mkwaruzo hupewa namba. Mfereji wa zege laini una 0.012 au 0.013, mto wa asili ulionyooka na usio na magugu una 0.030 hivi, kijito cha mlimani chenye mawe makubwa kina 0.04 hadi 0.07, na uwanda wa mafuriko wenye miti iliyosongamana unaweza kupita 0.10. Maji yaleyale, kwenye mteremko uleule na kwa kina kilekile, yatakwenda mara nane hivi kwa kasi zaidi juu ya zege kuliko katikati ya miti.

Sasa tulinganishe mito miwili ya kubuni. Wa kwanza ni kijito cha mlimani kinachoshuka mita 20 kwa kila kilomita, chenye kina cha sentimita 30 na mkwaruzo wa 0.07. Kanuni inakipa kasi ya sentimita 90 kwa sekunde. Wa pili ni mto mkubwa wa nchi tambarare unaoshuka sentimita nne tu kwa kilomita, lakini wenye kina cha mita 12 na sakafu ya mchanga yenye mkwaruzo wa 0.025. Huu unapata mita 1.3 kwa sekunde. Kijito kina mteremko mara 500 zaidi, na bado mto wa tambarare unakipita. Lazima niongeze tahadhari: kanuni hii hailitoshei vizuri bonde ambamo mawe yametokeza juu ya maji, kwa hiyo namba ya kijito ichukuliwe kuwa ya kukadiria. Hata hivyo, ukadiriaji hautageuza matokeo, kwa sababu mawe yaliyotokeza huzuia maji zaidi ya namba zinavyosema.

Mwalimu wa Jiografia ameandika:

Namshukuru Mhandisi kwa maelezo hayo, na ningependa kuongeza upande wa historia, kwa sababu somo hili lilikaa vibaya vitabuni kwa muda mrefu, na baadhi ya vitabu bado vinalifundisha vilevile.

Mwaka 1953 Luna Leopold, mtafiti wa mito wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia utafiti wa jiolojia, alikusanya vipimo vilivyochukuliwa kwenye vituo vingi vya kupimia mito na kuvipanga kuanzia sehemu za juu hadi za chini. Wengi walitarajia kuona kasi ikipungua. Alichokipata ni kwamba, kwa wastani wa maji ya mwaka, kasi huelekea kuongezeka kidogo au kubaki ileile kadiri mto unavyoteremka. Mteremko hupungua kweli, lakini vijito vinavyoingia huongeza maji, kina huongezeka, na mawe ya sakafu hubadilika kuwa changarawe, kisha mchanga, kisha tope. Mambo hayo mawili, kina na ulaini wa sakafu, hufidia mteremko uliopotea, na mara nyingi huuzidi. Hii haina maana kwamba kila mto duniani hufuata mwelekeo huo. Ni mwelekeo wa jumla, na mito inayopita kwenye vinamasi au inayopoteza maji yake jangwani haufuati.

Kilichowapotosha watu, kwa maoni yangu, ni jicho na sikio. Kijito cha mlimani kina povu, kinarukaruka na kuunguruma, nasi tunadhani kelele ni dalili ya mwendo. Kwa hakika kelele na povu ni dalili ya nishati inayopotea: maji yanapiga jiwe, yanageuka nyuma, yanazunguka, yanaanguka ndani ya kidimbwi na kusimama, kisha yanaanza upya. Ukitazama kipande kimoja cha maji kati ya mawe mawili, kinaweza kuwa kinakimbia mita tatu kwa sekunde au zaidi; ukikifuata kwa kilomita nzima, pamoja na muda wote kinaokaa katika vidimbwi, wastani wake unakuwa wa chini. Mto mpana wa tambarare hauna pa kugonga, ndiyo maana uko kimya, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Watu wengi huingia kwenye maji ya namna hiyo bila woga kwa sababu tu uso wake umetulia, na hilo ndilo linalonifanya nione kwamba mada hii si ya darasani peke yake.

Hata hivyo sitaki tuufukuze mteremko kabisa, ndugu Mhandisi. Pale ambapo mto mmoja wenye maji yaleyale unabadilisha mteremko ghafla, tofauti huonekana wazi. Mto Kongo, kati ya Kisangani na Kinshasa, husafiri zaidi ya kilomita 1,700 na kushuka mita mia moja na kidogo, na meli hupita njia yote hiyo. Kutoka Kinshasa hadi Matadi, umbali wa kilomita 350 hivi, maji hayohayo hushuka takriban mita 270 katikati ya miamba, na hakuna meli inayoweza kupita. Hapo kina nacho ni kikubwa kupita kawaida, kwani kuna mahali ambapo vipimo vimezidi mita 200, kwa hiyo mvuto mkali na uzito mkubwa vimekutana mahali pamoja. Sijui mahali pengine panapoonyesha kwa uwazi kiasi hicho kwamba si jambo moja linaloamua.

Upande wa pili wa mizani nao una mfano wake, nao ni Nile Nyeupe katika kinamasi cha Sudd nchini Sudani Kusini. Pale mteremko ni mdogo sana, maji yametawanyika katika eneo kubwa kwa kina kifupi, na njia imejaa mafunjo na magugu. Mambo yote matatu yamekaa upande mmoja, upande wa kuchelewesha. Maji hukaa humo muda mrefu kiasi kwamba karibu nusu ya yale yanayoingia hupotea hewani kwa mvuke kabla ya kutoka upande wa kaskazini.

Mpimaji wa Mito amejibu:

Yote yaliyosemwa yanahusu kasi ya wastani, na mtu anayefanya kazi juu ya maji hujifunza mapema kwamba mto mmoja una kasi nyingi kwa wakati mmoja. Maji yanayogusa sakafu karibu hayaendi kabisa. Kasi huongezeka haraka unapopanda kutoka chini, na kubwa kuliko zote huwa usoni au chini kidogo ya uso, katikati ya mto au juu ya sehemu yenye kina kirefu zaidi. Ndiyo sababu sisi wapimaji hatuteremshi kifaa mahali popote tu. Maji yakiwa na kina cha kutosha tunapima kwenye asilimia 20 na asilimia 80 ya kina kutoka juu na kuchukua wastani. Yakiwa mafupi tunapima mara moja kwenye asilimia 60, kwa kuwa kasi ya hapo haiko mbali na wastani wa safu yote.

Asiye na kifaa anaweza kutumia kitu kinachoelea, ilimradi kizame kidogo ili upepo usikisukume. Anapima urefu wa sehemu iliyonyooka, anahesabu sekunde kitakazochukua kupita, kisha anazidisha kasi aliyoipata kwa 0.85 hivi, kwa sababu uso huenda haraka kuliko maji yaliyo chini yake. Akiruka hatua hiyo ya mwisho, atadhani mto unapitisha maji mengi kuliko ukweli.

Penye kona mambo hubadilika tena. Sehemu ya kasi husogea upande wa nje wa kona, ambako maji huchimba ukingo na kuongeza kina, na upande wa ndani, ambako mwendo ni mdogo, mchanga hutua. Mto wenye kona nyingi hupoteza nishati kwa kugeuka, na pia hurefusha njia yake, jambo linalopunguza mteremko hata kama bonde lenyewe halijabadilika.

Kuna jambo jingine ambalo halijatajwa, nalo ni wembamba wa njia. Kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde ni eneo la mkato likizidishwa kwa kasi, na ikiwa hakuna maji yaliyoongezeka wala kutoka, kiasi hicho lazima kiwe kilekile kila mahali. Penye njia nyembamba, basi, maji hayana budi kuongeza kina au kasi, na kwa kawaida huongeza vyote viwili. Óbidos, nchini Brazili, ndipo Amazon ya chini inapobanwa zaidi: mto ambao kwingine una upana wa kilomita nyingi hupita katika upana wa kilomita mbili hivi, kwa kina kinachopita mita 60, na wastani wa maji ni takriban mita za ujazo 170,000 kila sekunde. Kwa kipimo kidogo zaidi lakini cha kutisha zaidi, maporomoko ya Murchison nchini Uganda yanaubana mto Nile katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita saba hivi kabla ya kuudondosha zaidi ya mita 40. Mwanya huo una mteremko mkali pia, kwa hiyo si haki kuupa wembamba sifa zote, lakini bila wembamba huo maji yangemwagika kwa utulivu zaidi.

Mdadisi ameandika tena:

Nashukuru sana, ndugu zangu. Mmenifungulia mlango ambao sikujua kama upo. Niruhusuni niulize mambo mawili yanayotokana na majibu yenu. Ikiwa kona hupunguza mteremko, je, mto ukinyooshwa na watu utaenda kasi zaidi, na je, hilo ni jambo jema? Na wakati wa mafuriko, tunaposikia kwamba maji yaliyoonekana sehemu za juu asubuhi yatafika sehemu za chini jioni, je, makadirio hayo hutegemea kasi hii tuliyoizungumzia?

Mhandisi wa Maji amejibu:

Ndiyo, mto ukinyooshwa kwa kawaida huongeza kasi, kwa sababu mteremko uleule wa bonde unagawanywa kwa njia fupi zaidi, na kona zilizokuwa zikila nishati zimeondolewa. Historia inatuonyesha pia gharama yake. Mwaka 1817 Johann Gottfried Tulla alianza kazi ya kuunyoosha mto Rhine wa juu nchini Ujerumani, na kazi hiyo iliendelea kwa miongo mingi baada ya kifo chake. Kati ya Basel na Worms mto ulifupishwa kwa kilomita 81. Vinamasi vilikauka, mashamba yalipatikana, na vijiji vilivyokuwa vikifurika vikapata nafuu. Lakini maji yenye kasi zaidi yalichimba sakafu, mto ukashuka mita kadhaa mahali pengine, maji ya ardhini yakashuka pamoja nao, na mawimbi ya mafuriko yakaanza kuwafikia watu wa chini mapema zaidi kuliko zamani. Mafuriko hayakuondolewa, yalihamishiwa kwa jirani wa chini.

Nitaje pia mfano unaokwenda kinyume, kwa sababu unafundisha zaidi. Mto Kissimmee katika jimbo la Florida, Marekani, ulikuwa na urefu wa kilomita 166 wenye kona nyingi. Katika miaka ya 1960 ulichimbwa ukawa mfereji ulionyooka wa kilomita 90 na kina cha mita tisa. Mtu angetarajia maji yaende mbio. Lakini mfereji uliwekewa milango ya kuzuia maji, ukawa ngazi za mabwawa marefu, na sehemu kubwa ya mwaka maji yalikaa karibu bila kwenda, hewa ndani yake ikapungua na samaki wakaathirika. Baadaye sehemu ya mfereji ilifukiwa na maji yakarudishwa kwenye kona zake za zamani, kazi iliyokamilika mwaka 2021. Hapo unaona kwamba kasi ya maji inategemea pia kilichoko mbele yake. Ukuta wa bwawa, mlango uliofungwa, ziwa, au bahari inayojaa hurudisha athari yake kwa kilomita nyingi kuelekea juu ya mto, ambako maji hujaa na kupunguza mwendo ijapokuwa sakafu ina mteremko uleule. Na maji yakipunguza mwendo, tope lililokuwa limebebwa hutua. Ndivyo tope la Nile linavyobaki katika ziwa lililo nyuma ya bwawa la Aswan badala ya kufika kwenye delta.

Kama unaniuliza maoni yangu, mto unyooshwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine, na kabla ya kufanya hivyo aulizwe yule anayeishi chini.

Mpimaji wa Mito amejibu:

Mhandisi ameniachia swali la mafuriko, nami nitalijibu kwa kirefu kidogo kwa sababu maisha ya watu hutegemea jibu lake.

Wimbi la mafuriko haliendi kwa kasi ya maji. Huenda haraka zaidi. Katika njia pana, hesabu inayotokana na kanuni ya Manning inaonyesha kwamba wimbi husafiri kwa mara moja na theluthi mbili ya kasi ya wastani ya maji. Maji yakienda mita mbili kwa sekunde, kilele cha mafuriko kinaweza kwenda zaidi ya mita tatu. Sababu yake ni kwamba maji yanayoingia kwa nyuma huinua kina, na kina kikishaongezeka, maji yaliyo mbele nayo husukumwa kwa nguvu zaidi. Tone la maji lililonyesha mlimani linaweza kuwa bado liko njiani wakati kilele kimeshapita mjini. Kwa hiyo anayekadiria muda wa kuhama kwa kutazama takataka zinazoelea atajipa muda mrefu kuliko ule alio nao kweli. Kinachoweza kulichelewesha wimbi ni uwanda wa mafuriko: maji yakitoka nje ya kingo na kusambaa kwenye nyasi na miti, hupoteza kina, hupata mkwaruzo mkubwa, na baadhi hukaa huko kwa siku nyingi. Uwanda ukijengewa kuta pande zote mbili, ucheleweshaji huo hupotea.

Kuna badiliko jingine linalotokea chini ya maji ya mafuriko, ambako hakuna anayeliona. Sakafu ya mchanga kwa kawaida ina matuta ambayo maji yenyewe huyajenga, na matuta hayo huzuia mwendo. Kasi ikipita kiwango fulani, matuta husombwa na sakafu huwa bapa. Mkwaruzo unapungua ghafla, na mto ambao tayari ulikuwa na kina kikubwa unaongeza mwendo kwa mara ya pili.

Nguvu ya maji juu ya mtu au gari nayo haikui sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo huwa mara nne. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya watu kwamba sentimita 15 za maji ya mafuriko yanayokwenda kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 hubeba magari mengi madogo, na sentimita 60 hubeba hata magari makubwa ya familia. Mtu anapotazama maji ya kina hicho yakivuka barabara, asijiulize kama yatamfika gotini; atazame yanakwenda kwa mwendo gani, na kama hawezi kuujua mwendo huo kwa uhakika, asivuke.